Mtu Aliyelipwa Kusikia

Tulianza kwa kugombana juu ya mbao. Wakati huo nilikuwa najenga safu ya pili ya vyumba vya wageni, vile vinavyotazama msitu, na fundi wangu alikuwa ameapa kwamba mbao za dari zisipofika wiki ile angefunga vifaa vyake aende kwa mwingine. Akatokea mtu mmoja mrefu, mkavu kama ufito, anasukuma mkokoteni wa mbao. Nguo zake zilinuka mafuta ya msumeno. Nikapitisha kiganja juu ya ubao wa kwanza, nikamwambia ni mbichi.

"Mbichi wapi, mama? Hizi zimelala juani mwezi mzima."

"Juani kwa nani? Hebu weka shavu hapa uone kama halitalowa."

"Nikiweka shavu nitasinzia. Nimeamka kabla ya jogoo."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Kwenye biashara anayecheka kwanza ndiye anayeumia. Tukavutana, yeye anapanda, mimi nashuka, mpaka tukafika pale ambapo kila mmoja anajifanya anaondoka. Mara akanyanyua mkono.

"Subiri."

"Nisubiri nini? Bei yangu haipandi kwa kusubiri."

"Si bei. Kuna ndege, chozi wawili, wanagombana nyuma ya tangi lako la maji. Dume ndiye anayepigwa."

Mimi nilikuwa nasikia jenereta tu. Lakini barazani palikuwa na wageni wawili, mume na mke, waliokuwa wamezunguka siku tatu na kitabu chao cha ndege bila kuona cha maana, na walikuwa wameanza kuniuliza kwa adabu kama kweli huu msitu una kitu ndani yake. Nikawaita. Wakanyata hadi nyuma ya tangi, wakarudi wanakumbatiana kama waliofunga ndoa asubuhi ile.

Nikamgeukia muuza mbao. "Mbao nachukua, kwa bei yangu. Na nakupa kazi."

"Kazi gani?"

"Kusikia."

"Kusikia nako kunalipwa?"

"Watu wanalipwa kwa kusema ovyo, sembuse kusikia."

Akatazama mkokoteni, akanitazama, akakubali yote mawili. Siku ile nilijiona nimemla mzima mzima.

Alikuwa amepasua mbao miaka kumi na moja. Msumeno wa moto begani, masikio wazi, bila hata kipande cha pamba. Ndege alijifunza kwa namna ambayo hakuna shule inayoifundisha: kila msumeno ulipozimwa ili ujazwe mafuta, msitu ulikaa kimya kwanza, halafu sauti zilirudi moja moja, na yeye, hana la kufanya, alikaa juu ya gogo akijua nani amerudi na nani bado. Mwaka uliofuata baada ya mimi kumchukua, upasuaji mbao ulipigwa marufuku na wenzake kadhaa wakakamatwa. Yeye alikuwa keshavaa darubini yangu shingoni. Shamba hakuwa nalo, ng'ombe hakuwa naye. Alikuwa na mke, watoto watatu, na hiyo kazi ya kusikia.

Jina la Rada alipewa na mpishi wangu, na likamganda. Wageni nao wakalishika, maana ni rahisi mdomoni. Kazi yake aliifanya hivi: alitangulia, watu wakamfuata mmoja nyuma ya mwingine, wakikanyaga alipokanyaga. Akisikia kitu, mkono juu, wote wanaganda. Anafumba macho, anafungua mdomo kidogo, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Aliniambia mdomo ukiwa wazi sauti inaingia vizuri zaidi. Halafu anaonyesha kwa kidole kimoja, na kama huoni kitu, subiri, kitakuja. Katika msitu mnene ndege humuoni ila baada ya kumsikia, na watu hawa wanaozunguka dunia kutafuta ndege wana desturi yao: hata uliyemsikia tu unamwandika kwenye daftari. Kwa hiyo mtu mwenye masikio ni mtaji. Niliujua mtaji wangu na niliutunza: buti kila mwaka, koti la mvua, na jina lake kwenye kibao cha barazani chini ya langu.

Mkewe alikuwa mfuaji wangu wa mashuka. Mwanamke mfupi, mwenye mikono minene na maneno machache, na hayo machache yalikuwa na miiba. Niliwahi kuwaona jioni uani, yeye anakamua mashuka, mume amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anapiga mluzi.

"Nani huyo?" anauliza mume.

"Kigong'ota, akiwa na njaa."

"Na huyu?"

"Huyo ni wewe ukiwa na njaa. Nyamaza nimalize."

Ulikuwa mchezo wao. Miaka yote. Mwanamke hakuwahi kuingia msituni zaidi ya kuokota kuni ukingoni, lakini ndege wote aliwajua kutoka mdomoni mwa mumewe.

Mimi niligundua kwa kuchelewa, kwa sababu mtu anayefanya kazi vizuri humwangalii. Kwanza akaacha kupokea simu. "Niandikie ujumbe, Bosi, mtandao huku mbovu." Mtandao wangu haukuwa mbovu. Halafu birika la jikoni likawa linapiga filimbi na yeye amesimama kando yake anamsubiri mpishi amwambie maji yamechemka. Mpishi akamtania, "Rada, leo umeme umekatika?" Akacheka pamoja naye. Mwishowe kundi moja likaondoka likaniachia barua. Waliandika kwamba mwongozaji ni mtu mzuri sana, ila mara tatu waliwasikia ndege wakiimba kando ya njia na yeye akapita tu, na mara mbili aliwaambia waandike ndege ambaye wao hawakumsikia kabisa.

Hapo nikaelewa. Alikuwa anaongoza kwa kumbukumbu. Alijua saa hii, mti ule, huwa analia fulani. Akasimama, akafumba macho, akamtaja.

Nilimwita stoo, tunakoweka sabuni na mashuka, kwa sababu dirisha la ofisi yangu linafunguka barazani. Akaingia mbele yangu. Nikafunga mlango, nikasimama nyuma yake, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Rada, kuna nyoka karibu na mguu wako."

Hakutikisika. Alikuwa anapanga upya mashuka ambayo mkewe ameshayapanga. Alipogeuka akauona uso wangu, akajua.

"Umesema kitu, Bosi?"

"Nimesema. Tangu lini?"

Akakaa juu ya gunia la sabuni.

"Wale wa sauti nyembamba ndio walioondoka kwanza. Hondohondo bado namsikia, kasuku namsikia. Wembamba wamekwenda mmoja mmoja, kama watu wanaotoka msibani bila kuaga. Nilidhani wamehama. Wallahi, Bosi, mwaka mzima nilidhani ndege wamehama, nikawa nawaonea huruma wao."

"Na sasa?"

"Sasa najua nani amehama."

Sikuwa na nafasi ya kulia naye. Wiki mbili mbele lilikuwa linakuja kundi la Mama Daftari, mwanamke mkubwa wa umri, mkali, anayeleta watu wake kwangu kila mwaka na kuandika kila unyoya. Ndege mmoja tu alikuwa amemshinda miaka yote hiyo: kile kidege cha kifua cha njano kinachojificha kwenye vichaka vya bondeni, ambacho sisi tunakiita Sindano, kwa jinsi sauti yake inavyochoma, ingawa mimi mwenyewe sikuwahi kumsikia. Alikuwa ameniandikia waziwazi: mwaka huu asipompata Sindano, mwakani atalala upande wa pili wa mlima, kwa mshindani wangu mwenye bwawa la kuogelea.

"Nitatafuta mtu mwingine," nikamwambia Rada.

Akasimama, akaegemea mlango. Si kwa ubabe.

"Nikitoka kwenye mlango huu naenda wapi? Nambie wewe unayejua hesabu. Kupasua mbao ni jela. Kulima, nilime kwenye kichwa changu? Nikaombe ulinzi? Mlinzi kiziwi, Bosi! Mwizi atanigonga begani aniulize ufunguo uko wapi." Akacheka, na huku anacheka machozi yanamtoka na hayafuti. "Nipe safari ya Mama Daftari. Moja tu. Bonde lile nalijua kuliko kitanda changu."

"Kulijua bonde si kumsikia Sindano."

"Nipe. Nitakula udongo ukitaka. Nipe."

Nilipiga hesabu. Mwongozaji mpya asiyelijua bonde angenipotezea kundi kwa hakika. Huyu angenipotezea kwa bahati mbaya. Nikamwambia: Sindano akipatikana, unabaki. Asipopatikana, darubini yangu unairudisha siku hiyo hiyo, na hatugombani.

"Nimekubali," akasema. "Ila mpagazi wa chakula asiwe yule wa siku zote. Mpe mama watoto. Ana mgongo mzuri, na hatakudai nyongeza."

Nikakubali haraka. Nilidhani nimepata nafuu.

Tuliingia msituni alfajiri, ukungu bado umekaa kwenye majani. Rada mbele, mkewe nyuma yake na mkoba wa chakula mgongoni, kisha Mama Daftari, kisha watu wake watano, mimi mkiani. Huwa siendi. Siku ile nilikwenda kwa sababu mali yangu ilikuwa njiani.

Saa ya kwanza ilinishangaza. Rada alinyanyua mkono kabla hatujafika hata kwenye kijito. Hondohondo. Nikasema, huyo amemsikia mwenyewe. Halafu kigong'ota. Halafu kurumbiza, ambaye sauti yake si nzito hata kidogo, na kila mmoja alikuwa pale pale kidole kilipoonyesha. Mama Daftari akawa anaandika huku anatabasamu, jambo ambalo uso wake haujalizoea.

"Rada wetu ni yuleyule," akanong'ona.

Nikasogea kando ya mstari nikatazama vizuri. Kwenye mkanda wa koti la Rada palikuwa na kamba nyembamba, ile ya kuanikia nguo. Ncha ya pili ilikuwa kwenye kidole cha mkewe. Mvuto mmoja, anasimama. Kulia, anageuka kulia. Mvuto mrefu, mbali; mfupi, karibu. Na idadi ya mivuto, sijui waliipanga vipi, ilikuwa inamwambia ni nani.

Mwenye mashine ya kusaga haulizi inanguruma vipi maadamu unga unatoka. Nilijisemea hata, kumbe wawili kwa ujira wa mmoja na nusu, si haba. Nilimtazama yule mwanamke anavyotembea na mkoba mzito, kichwa kimeinama upande, macho hayatazami kitu. Alikuwa ameingia msituni kwa mara ya kwanza maishani na alikuwa anawatambua wote. Jasho lilikuwa linamtiririka kidevuni.

Tulifika ukingo wa bonde jua likiwa limepanda. Hapo njia inapita kati ya vichaka vilivyosongamana hata mbwa hapenyi. Nikasikia kitu. Chembamba, kikali, kama mtu anayekwaruza kioo kwa msumari, mara mbili, kimya, mara mbili tena. Kilikuwa karibu kabisa na njia, upande wa kushoto, chini.

Mmoja wa wageni, bwana mwenye kamera kubwa aliyekuwa mbele yangu, akasimama. "Ni nini hicho?"

Mama Daftari akageuka. "Nini?"

"Hicho, chenye sauti ya juu sana. Hamsikii?"

Mama Daftari akategea sikio, akatikisa kichwa. Umri ulikuwa umekwisha kumnyang'anya naye sauti kama hizo. Ndiyo sababu analipa watu. Wote wakamtazama Rada. Rada akamtazama mkewe. Na mwanamke, kwa moyo mweupe kabisa, akasema:

"Nyenje."

Rada alimsoma mdomo. Akajinyoosha. "Ni nyenje tu," akawaambia wageni, kwa ile sauti yake ya mtu asiyebishiwa. "Wamejaa huku. Twende."

Bwana wa kamera akawasha simu yake akarekodi kidogo hata hivyo, watu wa vyombo ndivyo walivyo, akatufuata.

Tulikuwa hatujamaliza hatua mia kamba ikavutwa kwa nguvu mpaka Rada akayumba. Mwanamke alikuwa amefumbua macho makubwa. Kutoka chini kabisa bondeni, ng'ambo ya kinamasi, ilikuja sauti ya mluzi mnene kidogo, noti tatu, zinashuka. Rada akahesabu mivuto. Uso wake ukabadilika. Akageuka kwa Mama Daftari.

"Sindano," akasema. "Kule chini."

Nitafupisha habari za kinamasi. Matope yalifika magotini, halafu mapajani. Bibi mmoja wa kundi aliacha buti lake humo na hatukulipata tena. Ruba walitupanda kama ngazi. Kila tulipotaka kupumzika, mluzi ulitoka mbele kidogo, kamba ikavutwa, na Rada akasema, "Yupo, yupo, bado kidogo." Alikuwa anavuta watu kwa mikono, anawabeba karibu. Sijawahi kumuona mtu akifanya kazi vile. Alianguka akainuka na mdomo umejaa tope, akatema, akasema, "Yupo."

Masaa matatu. Upande wa pili palikuwa na mti mkavu ulioanguka, na juu ya mti, waziwazi, bila hata kujificha, ndege alikuwa amekaa anapiga mluzi wa noti tatu zinazoshuka.

Mama Daftari aliinua darubini. Akaishusha.

"Huyo ni shore," akasema.

Shore. Ndege ambaye yuko kwenye kila ua, kila kaburi, kila paa la choo. Nina shore wanaokunya kwenye viti vyangu vya barazani. Ila wa huku bondeni ana mluzi wake, si ule tuliouzoea uani.

Bwana wa kamera ndiye aliyetoa simu yake. Akaibonyeza, akampa Mama Daftari, na yeye akaiweka sikioni kabisa, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Kisha akatafuta kwenye simu yake mwenyewe sauti ya Sindano aliyoihifadhi, akasikiliza hii, akasikiliza ile. Hata mimi nilisikia kwamba ni moja. Nyenje wetu.

Mwanamke akaweka mkoba chini. "Ndiyo huyo?" aliuliza. "Huyo ndiye?" Alimgeukia mumewe. "Mbona hukuniimbia hivyo? Miaka yote uliniimbia mwingine!"

Ndivyo ilivyokuwa, na sidhani kama jambo hilo lingeweza kuwapata watu wengine. Masikio ya mume yalipoanza kufa, mluzi wake ulishuka nayo. Kila mwaka alimuimba Sindano chini kidogo, pale alipoweza kujisikia mwenyewe, na mke akamjifunza huyo, akamweka moyoni, akamleta msituni akamtafuta. Na akampata.

Mama Daftari hakuwa anaelewa lugha yetu wala mambo ya kamba. Alimwendea Rada kwa hasira, akamnyooshea simu yake mwenyewe.

"Sikiliza," akamwambia kwa lugha yao, ambayo Rada aliijua vya kutosha. "Sikiliza, unieleze."

Rada akajifuta tope mkononi. Akainama mbele ya simu, akafumba macho, akafungua mdomo kidogo, vile vile alivyofanya siku zote. Simu ikalia. Sote tulisikia, mara mbili, kimya, mara mbili tena, mpaka mwisho. Ikanyamaza. Rada bado ameinama. Shore akaruka akaenda zake. Rada bado amefumba macho, anasubiri, mpaka yeye mwenyewe, bila kufumbua, akasema kwa adabu:

"Nipo tayari, mama. Iwashe."

Mama Daftari alirudisha simu mfukoni taratibu. Mkewe ndiye aliyemgusa bega.

"Imeshalia, baba watoto," akamwambia. Akarudia mbele ya uso wake, kwa midomo tu. "Imeshalia."

Sasa nitasema jambo ambalo pengine halitanipendezesha. Mimi pale nilitazama jua. Lilikuwa bado juu. Nikamvuta yule mwanamke kando.

"Ile sauti, sasa umeishika?"

"Nimeishika."

"Ukisikia tena utaijua?"

"Dada, nitaijua mpaka nife."

"Basi turudi kule vichakani kabla ya mvua."

Tulirudi, yeye mbele. Kamba aliifungua kwenye mkanda wa mumewe akaikunja akaitia kifuani. Mkoba wa chakula Rada aliubeba, hakuna aliyemwambia. Kwenye vichaka mwanamke hakunyanyua mkono kama mumewe, alichuchumaa tu, na sisi tukachuchumaa. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaonyesha kwa kidevu. Kwenye kijiti, urefu wa goti kutoka chini, kifua cha njano kama kiini cha yai, Sindano.

Mama Daftari alilia wazi, kamasi na yote, daftari limeanguka kwenye majani. Watu wake walishikana mikono. Bwana wa kamera alipiga picha mpaka nikadhani chombo kitaungua.

Rada alikuwa nyuma yangu njiani. Kwa urefu wake alimuona vizuri bila kuinama. Ndege alikuwa amepanua mdomo, koo linatetemeka.

"Analia?" akaniuliza, kwa sauti kubwa mno, na ndege akatoweka.

"Alikuwa analia," nikasema. Sijui kama alinisoma.

Asubuhi ya pili, juu ya chai, Mama Daftari alinipa neno lake. Mwakani makundi mawili badala ya moja, lakini aongoze yule mwanamke. Kuhusu mume aliuliza kama amewahi kuonwa na daktari. Nikamwambia daktari alishasema mishipa ya ndani imekufa na haifufuki. Ndiyo aliyoniambia Rada mwenyewe stoo, kabla hatujaachana.

Nikaenda uani. Mwanamke alikuwa ameloweka mashuka yenye tope la kinamasi.

"Nakupa kazi ya msitu," nikamwambia.

"Hiyo kazi ina mtu."

"Haina tena. Unalijua hilo."

Akakamua shuka mpaka nikaona litachanika. "Kwa hiyo nimzike, na mimi ndiye niwe jembe."

"Ukikataa, nitaajiri mtu wa nje na nyinyi wote wawili mtakaa bila kazi. Sikutishi. Nakuonyesha mlango ulipo."

Nilitegemea atalia, au atataja watoto. Badala yake akajifuta mikono akaanza kunibana, na mimi niliyejifundisha kupatana sokoni tangu utotoni, nakiri, alinibana vizuri. Cheti cha mwongozaji kutoka ofisi ya misitu, kwa jina lake, kabla ya kundi la kwanza, si baada. Buti za saizi yake, si za mumewe zilizojazwa matambara. Msimu ukiwa mkavu asirudishwe kwenye mashuka. Nilikubali moja, nikapinga moja, nikakubali zote.

"Na la mwisho," akasema. "Kumwambia, utamwambia wewe. Kwa mdomo wako, mbele ya macho yake. Mimi sitakubebea hilo."

Hilo nilitaka kulipunguza nikashindwa.

Nilimkuta Rada barazani anasafisha darubini yangu kwa kitambaa, taratibu, kioo hadi kioo. Alikuwa ameshaiweka kwenye mfuko wake, akaitoa tena akaifuta tena. Wageni walikuwa wanapakia mabegi. Nikasimama mbele yake ili anione.

"Sindano alipatikana, Bosi," akaniwahi. "Tulisema akipatikana nabaki."

"Hukumpata wewe."

"Nitabeba mkoba. Sitaki hata ujira. Nitatembea nyuma kabisa, wageni hawataniona."

"Watakuona. Watakuangalia wewe badala ya ndege."

"Basi nimfundishe. Mama watoto hajui njia za kaskazini."

"Njia umuonyeshe. Sauti utamfundishaje?"

Nikamwambia kilichobaki: kazi ni ya mkewe, kuanzia leo.

"Sema tena, Bosi. Taratibu."

Nikasema tena, taratibu. Akaendelea kunitazama midomo, uso mtupu, mkono umewekwa nyuma ya sikio. Mpaka leo sijui kama hakunipata au alitaka tu nichoke. Mara ya tatu nilipiga kelele. Nilisema kazi yako imekwisha, amepewa mkeo, na sauti yangu ikaenda mpaka jikoni, mpaka uani kwenye mashuka, mpaka kwenye gari la wageni. Mpishi akatoa kichwa dirishani. Mama Daftari akasimama na begi mkononi. Kila mtu pale nyumbani alisikia kabla yake.

Akanikabidhi darubini.

Mwaka umepita. Mama Daftari ana Sindano wake. Mimi nina makundi mawili, na la tatu limeandika. Mwanamke ana cheti na buti, na wageni wanamsifu kwamba hana maneno mengi. Uani hakuna anayepiga mluzi. Rada huketi kwenye ile ndoo mkewe akiwa msituni, na mke akirudi humwambia aliowaona, mmoja mmoja, kwa midomo, na yeye huinamisha kichwa kwa kila mmoja kama anayepokea salamu za watu wasiomjua tena.